Barua ya Oktoba 1963 na Mahakama za Kadhi

Tarehe 5 Oktoba 1963, wiki zisizofika kumi kabla ya Kenya kupata uhuru, mawaziri wakuu wawili waliandikiana barua. Mmoja alikuwa Jomo Kenyatta wa Kenya, wa pili Mohamed Shamte wa Zanzibar. Barua zenyewe ni fupi, na lugha yake ni ya kiofisi. Serikali ya Kenya iliahidi kwamba Waislamu waliokuwa raia wa Sultani, pamoja na vizazi vyao, watakuwa huru katika ibada na majengo yao ya dini yatahifadhiwa. Iliahidi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatadumu wakati wote, katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu. Iliahidi kwamba sehemu zenye Waislamu wengi zitapelekewa maafisa wa utawala Waislamu kadiri itakavyowezekana, kwamba watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu, na kwamba hati za ardhi zitatambuliwa.

Ahadi hizo zilikuwa bei ya kitu kikubwa. Kwa barua hizo, na kwa mkataba uliotiwa saini London siku tatu baadaye, Sultani wa Zanzibar aliachia ukanda wa pwani wa maili kumi uingie katika Kenya huru, Mombasa na bandari yake ikiwamo.

Ukanda ule haukuwa koloni la Waingereza. Waliukodi. Tarehe 14 Desemba 1895, Sultani Hamad bin Thuwaini aliwakabidhi utawala wake kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Ulianzia Vanga kusini hadi Kipini kwenye mdomo wa Mto Tana, pamoja na visiwa vya Lamu. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus, na maliwali, mudiri na makadhi wakaachwa kazini mwao. Mwaka 1920, bara ilipofanywa koloni, pwani ilibaki himaya. Kwa hiyo mtu aliyetoka Nairobi kwenda Malindi kwa treni na basi alivuka mpaka wa kisheria asiouona.

Uhuru ulipokaribia, mpaka huo ulianza kuonekana. Waswahili na Waarabu wengi wa pwani waliona kwamba watakuwa wachache katika nchi ya Wakristo wengi na vyama vikubwa vya bara. Ndipo likaja vuguvugu la Mwambao, lililotaka pwani ijitawale au irudi kwa Zanzibar. Lakini haki inatutaka tuitazame pwani yote. Wamijikenda, walio wengi katika eneo hilo, hawakuwa na hamu na bendera ya Sultani. Wengi wao waliishi kama maskwota juu ya mashamba yenye hati za Waarabu na Waswahili, na liwali kwao alikuwa bwana. Mwanasiasa wao mkubwa, Ronald Ngala wa chama cha KADU, aliipinga Mwambao waziwazi. Waswahili na Waarabu wale wale waliokuwa wachache mbele ya Kenya walikuwa wenye nguvu mbele ya jirani zao. Anayeandika historia ya haki za wachache akaliruka hilo, anawadanganya wasomaji wake.

James Robertson, kamishna aliyeteuliwa na Uingereza na Sultani kulichunguza suala hilo, alishauri mwaka 1961 kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, ila Waislamu wawekewe kinga. Barua za Kenyatta na Shamte zilitokana na ushauri huo.

Siku 99 baada ya barua, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Shamte ilipinduliwa na Sultani akakimbia. Aliyeahidiwa hakuwapo tena, na aliyeahidi alikuwa ameshachukua alichokitaka. Kenyatta angeweza kuzichana zile barua bila hata mtu wa kumwandikia malalamiko. Hakuzichana. Makadhi waliingizwa katika katiba ya uhuru, baadaye wakakaa katika kifungu cha 66, na mwaka 1967 Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Kadhi. Sheria hiyo ilivuka mipaka ya ahadi, kwa kuwa iliruhusu mahakama hizo nje ya pwani, hadi Kaskazini Mashariki na Magharibi mwa nchi. Mwaka uliofuata kiti cha Kadhi Mkuu kilikaliwa na Mzanzibari, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, yule yule aliyeifasiri Kurani kwa Kiswahili.

Nani hasa huenda kwa kadhi? Waliozisikia mahakama hizi kwenye majukwaa ya siasa tu hudhani ni mahali ambapo wanaume wenye ndevu hukata mikono. Kadhi wa Kenya hana mamlaka yoyote ya jinai. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alikaa katika mahakama za Mombasa na Malindi miaka ya 1980, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1998 alionyesha kwamba walalamikaji wengi walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda. Mke huja kudai masurufu ya miezi ambayo mume hakuacha kitu nyumbani. Mwingine huja kutaka talaka aliyonyimwa, au mahari yaliyobaki. Ndugu huja na orodha ya nyumba na minazi ya marehemu ili kadhi aigawe kwa mafungu ya mirathi. Mwanamke aliyelelewa asitoe siri ya ndoa nje husimama mbele ya watu na kuisema, kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kutafsiriwa na karani. Kwa maskini asiye na wakili, hiyo si haki ndogo.

Mtihani mkubwa ulikuja wakati wa kuandika katiba mpya. Tume ya Yash Pal Ghai ilipotoa rasimu yake mwaka 2002, ilipendekeza mahakama za kadhi zipanuliwe hadi kwenye madai ya biashara baina ya Waislamu. Makanisa mengi yalikuja juu. Yaliuliza kwa nini kodi ya Mkristo ilipe mshahara wa kadhi, na kwa nini dini moja ipewe mahakama yake ndani ya katiba. Mwaka 2004 viongozi 26 wa makanisa, wakiongozwa na Jesse Kamau, walifungua kesi. Hukumu ilitoka tarehe 24 Mei 2010, katikati ya kampeni za kura ya maoni. Majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kifungu cha 66 kinapendelea dini moja na kinakwenda kinyume na usawa, ingawa walikiri kwamba kukifuta si kazi ya mahakama.

Swali la makanisa lilikuwa halali, na Waislamu waliolijibu kwa hasira tu hawakulitendea haki. Lakini jibu la majaji siliafiki. Serikali ambayo ofisi zake hufungwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi haijawahi kusimama katikati ya dini zote kwa umbali sawa. Wakati hukumu hiyo inatolewa, Kenya ilikuwa bado na sheria mbili za Bunge zilizosimamia ndoa za Kikristo, na talaka za ndoa hizo zilisikilizwa na mahakama za serikali kwa kodi ya kila mtu, Mwislamu akiwamo. Dini ya walio wengi haihitaji kutajwa kwa jina katika katiba, kwa sababu imeshaenea katika kalenda na sheria za kawaida. Ya walio wachache isipoandikwa, haipo. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba Waislamu ni kama asilimia 11 ya Wakenya. Haki yao ikipigiwa kura peke yake, Mkristo kwa Mwislamu, itashindwa kila mara.

Tarehe 4 Agosti 2010, katika kura ya maoni, haikupigiwa kura peke yake, bali ndani ya katiba nzima. Maaskofu na wachungaji wengi, pamoja na William Ruto na rais wa zamani Daniel arap Moi, walisimama na kambi nyekundu ya kupinga, kwa sababu ya kadhi, ya kifungu kinachogusa utoaji mimba na ya ardhi. Zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura walichagua kijani, rangi ya ndiyo. Maana yake ni kwamba mamilioni ya Wakristo, ingawa viongozi wengi wa makanisa waliwaambia wakatae, Jumatano walipiga kura ya ndiyo. Hilo halisimuliwi vya kutosha.

Katiba waliyoipitisha inasema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 170 kinawabakiza makadhi, bila upanuzi wa 2002, na kinaongeza neno ambalo barua ya 1963 haikuwa nalo: wahusika, mbali na kuwa Waislamu, lazima wakubali kuhukumiwa na kadhi. Mwislamu asiyetaka anaweza kwenda Mahakama Kuu. Kinga ya jamii haikugeuzwa kuwa pingu ya mtu mmoja mmoja. Tanganyika ilishika njia nyingine. Iliziondoa mahakama za kadhi mwaka 1963 kwa sheria ya mahakama za mahakimu, na tangu chama tawala cha Tanzania, CCM, kiliweke suala hilo katika ilani yake ya uchaguzi ya 2005, kila mjadala wa katiba umelikuta palepale.

Kenya nako mjadala haujafungwa, ila umehamia ndani. Kifungu cha 24(4) kinaruhusu sheria ya Kiislamu itofautiane na kanuni ya usawa, lakini kwa kiasi kile tu kinacholazimu. Juni 2025 Mahakama ya Upeo ilipima kiasi hicho katika kesi ya mirathi, ikaamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo pekee. Masheikh wengi waliona dola imeingiza mkono katika mafungu yaliyopangwa na Mwenyezi Mungu. Upande wa watoto ulitegemea katiba ile ile inayomlinda kadhi. Sasa makadhi wenyewe, wakiwa na majalada ya mirathi mezani, ndio watakaoamua wafanye nini na mtoto wa aina hiyo atakapofika mbele yao.