Sabuni na Dawa ya Kansa

Neno jipya la leo ni miseli. Liandikeni: mi-se-li.

Kila mtu afuaye nguo amekwisha tumia miseli, ingawa hajui jina lake. Mafuta na maji havipatani. Lakini chembe ya sabuni ina kichwa na mkia: kichwa chapenda maji, mkia wayakimbia. Chembe hizo zikiwa nyingi majini, hujikusanya zenyewe kuwa kidonge kidogo mno, mikia ndani, vichwa nje. Mafuta hunaswa katikati, na maji huyachukua. Kidonge hicho ndicho miseli. James McBain, mtaalamu wa kemia wa Bristol, Uingereza, alieleza habari hiyo mwaka 1913.

Sasa tuingie hospitali. Mwaka 1992 Marekani iliruhusu dawa ya kansa iitwayo pakalitaseli, iliyotokana na gome la mti. Dawa ni kali, ila haiyeyuki majini, na damu yetu sehemu kubwa ni maji. Basi iliyeyushwa kwa pombe na kitu kilichofanywa kwa mafuta ya nyonyo. Kumbe kitu hicho kiliwadhuru wagonjwa wengine: pumzi ilibana, ngozi iliwasha. Mtu aja kutibiwa, na chombo cha dawa chamwumiza!

Huko Japani, Kazunori Kataoka na wenzake walikuwa wakitafuta chombo kingine. Walitunga polima, yaani uzi mrefu wa chembe, kama shanga. Uzi wao ulikuwa wa vipande viwili: kimoja chapenda maji, cha pili chabeba dawa ya kansa nacho chayakimbia. Ukitiwa majini, hujikunja kama sabuni, dawa ikafichwa ndani. Waliyaandika hayo mwaka 1990.

Mwenzetu mmoja aweza kuuliza: miseli yajuaje njia ya kwenda kwenye kansa? Haijui. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe wa kansa huvuja. Miseli ni kubwa mno kupenya mishipa mizima, lakini hupita katika matundu hayo.

Mwaka 2007 Korea ya Kusini iliruhusu pakalitaseli iliyo ndani ya miseli, pasipo kile kitu cha mafuta ya nyonyo. Ushindi huo si mdogo. Lakini Wajapani walipoijaribu miseli yao, NK105, kwa wanawake wenye kansa ya matiti, matokeo yaliyochapwa mwaka 2019 hayakuthibitisha kwamba yazuia ugonjwa sawasawa na dawa ya zamani. Ganzi ya mikono na miguu ilipungua. Uvimbe wa panya, ambao kwao majaribio mengi yalifanywa, huvuja sana. Wa binadamu huvuja kwa namna mbalimbali, na mwingine hauvuji ila kidogo.