Magneto si Malcolm X



Yakianza tu mazungumzo ya X-Men huku ughaibuni, hazipiti dakika tano utasikia mtu anasema Profesa Xavier ni Martin Luther King na Magneto ni Malcolm X. Watoto wetu waliozaliwa huku wameyasikia maneno hayo mpaka wanayachukua kama historia. Mimi nayakataa, na ushahidi wangu ni katuni zenyewe, maana matoleo yapo na tarehe zipo.

Tuanze 1963. Stan Lee na Jack Kirby, wote wawili watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi New York, walitoa X-Men nambari 1 mwezi Septemba mwaka ule. Magneto wa toleo lile hana hoja yoyote. Anavamia kituo cha makombora cha jeshi la Marekani, basi. Katika nambari 4, mwaka 1964, anateka nchi ndogo ya kubuni huko Amerika ya Kusini, na kundi lake amelipa jina la udugu wa waovu! Sasa niambieni, ni mwanasiasa gani anayejiita muovu? Malcolm X mwaka huohuo wa 1964 alikwenda kuhiji Makka, na Oktoba alikuwa Dar es Salaam akionana na Mwalimu Nyerere. Hakuteka nchi ya mtu. Kumfananisha na yule jambazi wa kofia ya chuma ni kumvunjia heshima marehemu, hata kama asemaye anadhani anamsifu.

Magneto mwenye hoja alizaliwa baadaye, mikononi mwa Chris Claremont, aliyeshika uandishi 1975 na kukaa nao mpaka 1991. Someni nambari 150, Oktoba 1981. Magneto anazitaka dola zote ziweke chini silaha za nyuklia. Warusi wanamrushia makombora kutoka kwenye nyambizi, naye anaizamisha pamoja na mabaharia wake. Halafu, katika mapambano, anampiga Kitty Pryde, kibinti wa miaka kumi na tatu. Anadhani amemuua. Hapo ndipo jamaa anavunjika, na ndipo tunapojua kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto Auschwitz. Karibu miaka kumi na minane ya ubaya, na historia hiyo haikuwamo. Na mfano aliokuwa nao Claremont, kwa maneno yake mwenyewe, ni Menachem Begin, kiongozi wa wapiganaji wa siri ambao Waingereza waliwaita magaidi, aliyeishia kuwa waziri mkuu wa Israel 1977 na kupewa Nobeli ya amani 1978. Swali la Claremont lilikuwa: je, mtu mwenye damu mikononi anaweza kukabidhiwa watu awaongoze?

Jibu akalitoa Desemba 1985, nambari 200. Magneto anashtakiwa Paris. Kesi inavurugika kabla ya hukumu, Xavier anazidiwa, na kabla ya kuondoka anamwachia nani shule na wanafunzi? Magneto. Yaani adui wa 1963 akawa mwalimu mkuu. Wasomaji wengine hawakupenda, lakini mimi naona ni uamuzi wa kishujaa kuliko vita vyote vya mle ndani.

Ila kuna jambo watu hulipita haraka. Shule ni kitu kimoja, kikosi ni kingine. Magneto hakupewa kikosi. Cyclops, kijana wa Xavier tangu mwanzo, alikitaka, ingawa mkewe alikuwa ametoka tu kujifungua. Storm akasema hapana. Katika nambari 201, Januari 1986, wakapigana kuamua nani aongoze, na Storm akashinda, wakati ule hana hata chembe ya nguvu zake, alikuwa amezipoteza tangu 1984. Hakurithi cheo wala hakuteuliwa na mzee. Ukitaka kuzungumza uongozi katika X-Men, zungumza hapo.

Na Storm huyo ni wa kwetu kidogo, mama yake katuni inasema ni Mkenya. Kenya yenyewe waliyomchorea 1975 ni ya ajabu, haina mji, haina mwalimu, watu wamekaa tu wakimwabudu binti wa mvua, miaka kumi na miwili baada ya uhuru! Jina lake la kuzaliwa ni Ororo, na katuni inasema maana yake ni uzuri. Sisi tunajua ngozi nyororo na sauti nyororo, na wala hatuhitaji kamusi. Kama waliokota kwetu au la, neno limekaa vizuri.

Turudi kwa Xavier, maana yeye ndiye anayeponyoka katika ule mfano wa King. Kikosi cha Storm cha 1975 kilikusanywa kwenda kuwaokoa wenzao kisiwani Krakoa. Kati ya 2005 na 2006 Ed Brubaker akaongeza kwamba kulikuwa na vijana wengine waliotumwa kabla yao, wakaangamia, na Xavier akaifuta habari hiyo katika akili ya Cyclops, ingawa mmoja wa waliodhaniwa wamekufa alikuwa mdogo wake. Mwalimu mpole, mtu wa amani, anafuta msiba kichwani mwa mwanafunzi ili kesho aendelee kumtumia. Magneto alizamisha nyambizi hadharani na akashtakiwa. Xavier hakushtakiwa na mtu.

Mwaka 2012 waandishi walimfanya Cyclops, mwanafunzi wake wa kwanza, kuwa ndiye aliyemuua. Siku hiyo Magneto hakuwa amemgusa.