Kiasi cha Risasi: Uchaguzi wa Bunduki ya Kuwindia Ndovu

Kalibu, katika Kiswahili, ni chombo cha kusubia madini: risasi iliyoyeyushwa humiminwa humo, ikapoa, ikatoka na umbo lake. Asili ya neno ni Kiarabu, na wataalamu wengi wa lugha hushikilia kwamba ni kutoka shina hilo hilo Wazungu walipata neno kaliba, wanalolitumia kwa upana wa ndani wa mtutu wa bunduki. Neno jingine la mambo haya ni kiasi. Mwenye gobori alipima kiasi cha baruti kwa mkono wake, akakishindilia mtutuni. Zilipokuja risasi zilizofungwa tayari pamoja na baruti yake, jina likahamia kwenye kitu chenyewe, na bunduki inayotiwa risasi kwa nyuma ikaitwa bunduki ya viasi. Tangu hapo kipimo kilifanywa kiwandani, na mwindaji akabakiwa na kazi ya kuchagua tu.

Katika zama za baruti nyeusi uchaguzi haukuwa mgumu. Baruti hiyo haikuweza kuirusha risasi kwa mwendo mkubwa, na risasi yenyewe ilikuwa laini, ikibonyea upesi kwenye mfupa. Njia ya kuongeza nguvu, basi, ilikuwa kuongeza uzito. Samuel Baker, aliyesafiri katika mito ya Sudan na Habeshi mwaka 1861 na 1862, alikuwa na bunduki iliyorusha kombora la nusu ratili, yaani gramu 227 hivi. Waarabu wa msafara wake waliiita mtoto wa mzinga, wala hawakukosea, kwani kishindo chake kilimzungusha mwenyewe kama tiara katika upepo. Baker alikiri kwamba aliiogopa, na hakuipiga ila mara chache.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyotoa moshi, na hesabu yote ikageuka. Risasi nyembamba, iliyovikwa ganda la madini magumu, iliweza sasa kwenda mita 700 kwa sekunde. Aliyeonyesha maana ya jambo hili kwa ndovu ni Mskoti W.D.M. Bell, aliyezaliwa 1880. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliingia Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, akitokea Mumias, kituo cha misafara ya pembe ambako wafanyabiashara Waswahili walikuwa wamekwisha kutangulia. Kwa maisha yake yote aliua ndovu 1,011, na takriban 800 kati yao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 tu. Idadi hiyo, kwa msomaji wa leo, ni msiba kuliko sifa. Lakini kwa swali la kaliba ni ushahidi usioweza kupuuzwa. Risasi ya Bell ilikuwa nyepesi mara 20 kuliko ile ya Baker.

Siri yake haikuwa katika bunduki. Bell alikipasua kichwa cha ndovu kwa msumeno, apate kujua ubongo umelala wapi. Ubongo wa ndovu ni mdogo kwa kichwa chake, nao umewekwa nyuma sana, katikati ya mifupa yenye vitundu kama masega ya nyuki. Risasi pana na laini yaweza kuishia humo. Ile nyembamba, ndefu na ngumu hupita moja kwa moja, maadam imeelekezwa sawasawa.

Hata hivyo, kulikuwa na kosa kubwa katika kumwiga. Karamoja ni nchi ya wazi, na Bell alikuwa na shabaha ya ajabu na subira ya kungoja. Katika kichaka kinene, ndovu anapomjia mtu usoni, risasi ndogo iliyokosa ubongo kwa upana wa vidole viwili haimzuii, na ile nzito huenda ikamlevya. John Taylor, aliyewinda sana katika Msumbiji, alitoa kitabu mwaka 1948 chenye kanuni ya kuzidisha uzito, mwendo na upana wa risasi ili kuipima nguvu hiyo ya kulevya. Kanuni yake ina faida, ila haimwoni mpigaji wala mahali alipopiga. Tena, gharama ya kiasi kisichotosha haikumwangukia mwenye bunduki peke yake. Mbele yake alikuwapo mfuata nyayo, na nyuma yake mchukuzi wa bunduki ya pili; na ndovu aliyejeruhiwa, kama hakufa kwa maumivu ya siku nyingi, aliweza kumkuta mwanakijiji shambani mwake. Habari za watu hawa ni chache mno katika vitabu vya wawindaji, nao ndio walioijua kaliba mbaya kuliko wote.

Sheria haziwezi kumpima kila mtu shabaha yake. Kwa hiyo zimepima mtutu. Kenya iliukomesha uwindaji wa namna hii mwaka 1977. Katika Tanzania, ambako uwindaji kwa leseni umeendelea, kaliba ya chini kwa ndovu imewekwa kuwa inchi 0.375, yaani milimita 9.5, ya risasi iliyotolewa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1912. Bunduki iliyoua ndovu 800 hairuhusiwi kumlenga hata mmoja.