Kanombe: Kikanisa cha Rais na Mizimu ya Wafalme

Nyumba aliyoishi Rais Juvénal Habyarimana ipo Kanombe, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Kigali. Tangu 2018 ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda, lakini wageni wengi hawaendi kwa ajili ya picha za ukutani. Wanakwenda kuona namna rais alivyoishi, na mabaki ya ndege yake iliyotunguliwa 1994, yaliyoangukia kwenye uwanja wa nyumba hiyo. Ndani ya nyumba mna kikanisa. Wanaotembeza wageni husimulia kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alisali humo alipozuru nchi Septemba 1990. Kisha maelezo hugeuka. Utasikia habari za chumba ambamo rais alikuwa akikutana na waganga, na za chatu mkubwa aliyefugwa bustanini, akatoweka usiku uleule ndege ilipotunguliwa.

Kikanisa unakiona kwa macho. Habari za waganga na chatu ni simulizi, nami sizitoi zaidi ya hapo. Ila haishangazi kwamba zimeota mizizi hapo. Kwa zaidi ya karne moja, nchini Rwanda mwenye dola ndiye aliyeamua ibada ipi iitwe dini na ipi iitwe ushirikina, na kila utawala ulipoanguka, ibada zake zilianguka daraja pamoja nao. Wananchi wa kawaida walikuwa na busara yao: walishika ya juu hadharani, ya chini wakayaweka nyumbani.

Mambo hayo yalianza kuonekana Nyanza, makao ya mfalme. Mwami, yaani mfalme, hakutawala kwa mkuki tu. Alizungukwa na abiru, walinzi wa siri za kifalme, waliohifadhi kwa moyo maagizo marefu ya matambiko: namna ya kuleta mvua, ya kuondoa nuksi, ya kwenda vitani, ya kumrithisha mfalme mpya. Ngoma ya Kalinga ndiyo iliyokuwa roho ya ufalme. Na kila mwaka palikuwa na Umuganura, karamu ya malimbuko ya ulezi na mtama. Kabla mfalme hajaonja mazao mapya, nchi nzima ilisubiri. Kazi ya kuendesha karamu hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wa ukoo wa Abatsobe, na mkuu wao mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa Gashamura.

Mwaka 1925 Wabelgiji, watawala wa kikoloni wa wakati huo, walimpeleka Gashamura uhamishoni Burundi, na Umuganura ukasimama. Hawakuhitaji kumng'oa mfalme siku hiyo. Ilitosha kumwondoa mtu aliyejua maneno. Mfalme mwenyewe, Yuhi V Musinga, alifuata miaka sita baadaye. Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, walikuwa wameshafungua misheni yao ya kwanza Save mwaka 1900, lakini Musinga alikataa ubatizo mpaka mwisho. Novemba 1931 alivuliwa ufalme, akapelekwa Kamembe na baadaye Kongo, alikofariki 1944. Mwanawe na mrithi wake, Mutara III Rudahigwa, alibatizwa Oktoba 1943, na 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Machifu walikuwa wameshaanza kumiminika kwenye mafundisho ya katekisimu, maana bila msalaba shingoni cheo kilikuwa shida kukipata. Sisemi hawakuamini. Nasema tu kwamba imani na kazi viliingia kwa mlango mmoja.

Wamisionari walipotafuta shetani wa Rwanda, walimwona katika Ryangombe. Msomaji wa Tanzania huenda anamjua kidogo, kwa sababu jina lake limefika mpaka kwa Wanyamwezi na Wasukuma kupitia chama cha Waswezi, na jamaa zake wa mbali ni Bachwezi wa Uganda. Katika simulizi za Rwanda, Ryangombe alikuwa mwindaji mashuhuri. Mama yake aliota ndoto mbaya akamkataza kwenda porini. Hakusikia. Nyati akampiga pembe, naye akafia kwenye mti wa umuko, ule unaochanua maua mekundu kama damu. Ndiyo maana aliyeingizwa katika kubandwa, yaani ibada ya Ryangombe na wenzake, alipelekwa kwenye umuko na kula kiapo cha kutunza siri. Waliokwishaingia walijipaka udongo mweupe, mizimu ikawapanda, wakasema kwa sauti za Ryangombe na za mwanawe Binego. Mtu wa pwani aliyewahi kuona ngoma ya pepo hatahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo lenye uzito ni nani aliyekaa ndani ya duara lile. Waliingia Wahutu, Watutsi na Watwa, na kwa muda wa ibada cheo cha mtu kiliwekwa kando. Mfalme peke yake ndiye hakuingizwa. Alikuwa na mtu wa kumwakilisha. Malipo ya kuingizwa yalikuwa wazi: aliyeingizwa, akifa, roho yake ilikwenda kustarehe na Ryangombe kwenye mlima Karisimbi wenye baridi na ukungu, na aliyekataa alitupwa Nyiragongo, kwenye volkano inayowaka mpaka leo. Ukitaka kujua kwa nini mahubiri ya moto na pepo hayakuwashangaza Wanyarwanda, anzia hapo.

Waislamu waliingia kwa njia nyingine kabisa. Walikuja na Wajerumani: askari, makarani, wachuuzi kutoka pwani ya Tanganyika na bara lake, watu wa Kiswahili. Msikiti wa kwanza wa Kigali, Al-Fatah wa Nyamirambo, ulijengwa 1913, wakati mji wenyewe ulikuwa na miaka michache tu tangu Mjerumani Richard Kandt auanzishe. Wabelgiji waliwatenga katika makambi ya Waswahili, wakawazuia kusambaa vijijini, na shule za misheni hazikuwa zao. Kutengwa huko kuliwanyima mengi. Kuliwaweka pia mbali na meza ya watawala, na hilo lilikuja kuwa na maana yake.

Maana Kanisa Katoliki lilikaa kwenye meza hiyo. Chini ya Habyarimana, Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala cha MRND. Kwa hiyo kikanisa cha Kanombe hakikuwa cha faragha tu. Kilikuwa picha ndogo ya hali ya nchi. Usiku wa 6 Aprili 1994 ndege ya rais, ikiwa na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi pia, ilitunguliwa ikikaribia kutua. Kesho yake mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameenea Kigali.

Watu walikimbilia makanisani, kama walivyofanya miaka ya nyuma wakapona. Safari hii hawakupona. Nyamata, kusini mwa Kigali, nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya mabenchi, na kitambaa cha altare kina madoa ya damu ambayo hayakufuliwa. Jengo halikurudishiwa misa. Ni kumbukumbu, na tangu 2023 limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nyamirambo, Waislamu wengi waliwaficha majirani zao, na baada ya 1994 watu wengi walisilimu, wengine wakisema wazi kwamba hawawezi tena kupiga magoti mahali walipowaona ndugu zao wakiuawa. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake.

Siku hizi dola bado imeshika mizani. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 ya Kigali yalifungwa kwa sababu za usalama wa majengo, usafi na kelele, na misikiti ya wilaya ya Nyarugenge, jijini humo, ikakatazwa kuadhini kwa vipaza sauti. Mwaka 2024 yalifungwa maelfu mengine nchini kote. Sheria inamtaka mkuu wa kanisa awe na shahada ya theolojia. Mtu anaweza kuiona kuwa ni ulinzi kwa waumini wanaodanganywa, na mara nyingine ni kweli. Lakini Gashamura angeielewa haraka kuliko mchungaji kijana wa Kipentekoste.

Na Umuganura umerudi. Huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti, sikukuu ya taifa. Watoto hupewa maziwa, mazao ya mwaka huonyeshwa, viongozi husema juu ya umoja na uzalishaji. Zamani neno la kwanza lilikuwa la Abatsobe. Sasa ni la waziri au meya, na maagizo ya abiru, yaliyoandikwa na Padri Alexis Kagame kabla wazee hawajaisha, yamo kwenye vitabu vya wasomi.