Spock Alikuwa wa Nani?
Mwaka 1967 mashabiki wa Star Trek nchini Marekani walichapa Spockanalia, jarida lenye hadithi zao wenyewe kuhusu wahusika wa tamthilia hiyo ya televisheni. Katika miaka ya 1970 wengine, wengi wao wanawake, walikwenda mbali zaidi: ndani ya urafiki wa Kapteni Kirk na Spock waliona mapenzi, wakayaandika. Mtu atasema waliingilia mali ya mwenyewe, Gene Roddenberry aliyeibuni tamthilia hiyo. Kisheria hoja hiyo ina uzito, kifasihi inapwaya. Spock wa kwenye skrini hakutoka katika kalamu moja. Mambo ya ndoa za watu wake aliyabuni Theodore Sturgeon; wazazi wake waliletwa na D. C. Fontana, salamu ya vidole aliiongeza mwigizaji Leonard Nimoy, akiichota kwenye baraka za makuhani wa Kiyahudi. Kila mmoja alimsoma Spock kwa jicho lake, akaongeza. Mashabiki walifanya kazi ileile, bila ujira. Waliandika mabovu pia, tena mengi, lakini mashairi mabovu hayajawahi kuufanya ushairi kuwa wizi. Alama ya mkwaju (slash) waliyoitia kati ya majina ya Kirk na Spock ndiyo iliyoupa utanzu huo wa hadithi za mapenzi jina lake la Kiingereza.