Wafu, Majina na Makuzi: Habari za Mizimu na Vizazi katika Tarime na Serengeti

Shina -zimu limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Katika Kiswahili huonekana katika mzimu, kuzimu na wazimu; na neno mzimu lenyewe hutaja roho ya mfu, na pia mahali pa kutambikia. Waganda wametenga mambo hayo mawili: omuzimu ni roho ya mtu aliyekufa, na omusambwa ni roho yenye makao yake mwambani au chemchemini. Shina hili la pili husikika pia mashariki ya Ziwa Viktoria. Wanata na Waikoma wa Serengeti husema erisambwa, yaani roho ya mhenga pamoja na mahali inapokaa. Kwa hiyo mfu wa zamani haachwi awe kivuli cha kutisha watoto. Amepewa mahali pake, na mahali hapo huwa alama ya nchi.

Kwa Wakuria wa Tarime wafu hurudi kwa njia nyingine, nayo ni majina. Malcolm Ruel alichapa makala juu ya jambo hili mwaka 1962. Vizazi vina majina manane, katika mizunguko miwili ya majina manne manne. Mmoja una Abasae, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Wa pili una Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma. Mtoto huzaliwa katika jina linalofuata la baba yake. Basi tukihesabu mwana, mjukuu, kitukuu na kilembwe, huyu wa mwisho ndiye anayelipokea tena jina la mzee wa kwanza, ambaye kwa kawaida amekwisha kuzikwa. Lakini jina la kizazi halimfanyi mtoto kuwa mtu mzima; hilo ni kazi ya jando, ambako wenzi waliotahiriwa pamoja huwa esaro moja.

Isidhaniwe kwamba desturi hizi zimekaa bila kubadilika. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, kisha ndui na njaa zikaua watu. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007, ameonyesha kwamba katika misukosuko ya zama hizo marika yalipata nguvu mpya huko magharibi ya Serengeti, hata watu wa mzunguko mmoja wa rika wakakaa katika nchi moja. Waliopoteza jamaa walijipatia udugu kwa wale waliokua pamoja nao.

Pigo jingine lilikuwa la ardhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliundwa mwaka 1951, na baadhi ya mahali pa kutambikia pakabaki ndani ya mipaka yake. Tena mnamo mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini, wakaacha mahame na makaburi. Jina la kizazi huweza kuchukuliwa popote, erisambwa haihamishiki. Mtoto asiyefika mwambani husikia neno tu, na shuleni hufasiriwa neno hilo kuwa mzimu, au pengine shetani.

Hapo ndipo mtunga kamusi anapohitaji uangalifu. Akiandika “roho ya mfu” na kukoma hapo, amehifadhi nusu ya neno, na nusu iliyopotea ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha mtoto wazee wake wamelala wapi.