Kidole Kilichosingiziwa

Mwaka 1831, Guillaume Dupuytren, mpasuaji mkuu wa hospitali ya Hôtel-Dieu jijini Paris, alimpasua kiganja mfanyabiashara mmoja wa mvinyo. Vidole viwili vya mtu huyo, cha pete na cha mwisho, vilikuwa vimejikunja na kukataa kunyooka. Etha ilikuja kuonyeshwa hadharani miaka 15 baadaye, kwa hiyo mgonjwa alistahimili kisu akiwa macho.

Kabla ya hapo lawama zilikuwa zikiangukia kano, zile kamba zinazovuta vidole. Felix Platter wa Basel alikwisha kuandika hivyo mwaka 1614. Dupuytren alipata mkono wa mzee aliyefariki akiwa na ulemavu huohuo. Aliichuna ngozi, vidole vikabaki vimejikunja. Alipoukata utando mgumu uliotanda chini ya ngozi ya kiganja, vidole vikaachia. Kano zilikuwa nzima.

Kule London, Henry Cline alikuwa ameliona jambo hilo mwaka 1777, lakini ugonjwa ulichukua jina la Dupuytren, aliyeufundisha mbele ya wanafunzi, na aliyosema yakachapishwa. Hata hivyo, kuhusu chanzo alikosea. Aliamini ni kazi ya mikono: mapipa ya mvinyo, mjeledi wa mwendesha gari la farasi. Leo tunajua kwamba urithi wa damu una nguvu zaidi, hasa kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, na kwamba kisukari, pombe na sigara huongeza uwezekano. Margaret Thatcher alipasuliwa mkono kwa ugonjwa huu mwaka 1986, akiwa waziri mkuu wa Uingereza. Hakuwa mbeba mapipa.

Nilipokuwa nikisoma historia hii, akili yangu ilikuwa inakimbilia kwingine. Kwetu Afrika Mashariki ugonjwa wa Dupuytren ni adimu, na mkono uliojikunja umebeba jina jingine linalotisha zaidi: ukoma. Na huko nako kidole kilisingiziwa.

Watu waliamini ukoma hula nyama ya vidole. Mwaka 1947, Paul Brand, mpasuaji wa mifupa aliyezaliwa India kwa wazazi Waingereza, alitembelea makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Chingleput, karibu na Madras. Alimwomba mgonjwa mwenye vidole vilivyojikunja amkamate mkono kwa nguvu. Akakamatwa hadi akaumia. Mkono uliodhaniwa kuoza ulikuwa na misuli hai! Uchunguzi ulionyesha kwamba bakteria huharibu mishipa ya fahamu, hasa ule upitao nyuma ya kiwiko. Misuli midogo ya kiganja hupooza, lakini mingi ya ile mikubwa ya kigasha hubaki na nguvu. Kuanzia mwaka 1948, huko Vellore, Brand na wenzake walihamisha kano zenye afya ili zifanye kazi ya misuli iliyopooza. Baada ya upasuaji, mgonjwa alijifunza upya kukiamuru kidole chake.

Kwa macho, mikono hii miwili inaweza kufanana. Kwa kugusa, haifanani. Kwenye ugonjwa wa Dupuytren utapapasa kinundu au kamba ngumu chini ya ngozi ya kiganja, na hisia zipo kama kawaida. Mgonjwa akiweka kiganja mezani, hakilali bapa. Hapo ni wakati wa kumwona daktari, ambaye anaweza kuikata kamba hiyo kwa kisu au kuitoboatoboa kwa sindano hadi ikatike. Inaweza kurudi baada ya miaka. Kwenye ukoma hakuna kamba. Kuna ganzi, na mara nyingi baka la ngozi lisilohisi mguso. Aliye na ganzi hushika sufuria ya moto bila kujua, na majeraha ya namna hiyo, yakiachwa bila tiba, ndiyo yanayokula vidole. Dawa za mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 humponya mgonjwa kwa miezi 6 au 12, na tangu 1995 hutolewa bure. Zikianza mapema, mara nyingi mkono haufiki hata kujikunja.

Lakini kuna jambo la Vellore linalonikaa moyoni kuliko upasuaji wenyewe. Baadhi ya waliopona walirudi kwa Brand wakilalamika. Walikuwa ombaomba, na vidole vilivyonyooka havikumtia huruma mpita njia. Sadaka ilipungua, na waajiri nao hawakuwataka, kwa kuwa jina la ukoma lilikuwa bado linawafuata. Mkono umetibiwa, mwenyewe amekosa chakula. Brand na wenzake wakajenga vibanda karibu na hospitali, wakaweka karakana, na watu wale wakafundishwa useremala na kutengeneza vitu vya kuchezea watoto vya mbao, vya kuuzwa.

Kunyoosha kidole kulihitaji mpasuaji mmoja na kano moja. Kumfanya jirani aupokee mkono huo, aupe kazi na aulipe, kulihitaji watu wengi zaidi, na hiyo ndiyo sehemu ya tiba iliyobaki mikononi mwetu sisi tusio madaktari.